Natoka kazini giza limeingia: nitajiendeleza saa ngapi?

MtuWaDepo (Lubumbashi)
Jambo yenu. Niko na miaka 27, naishi Katuba kwa dada yangu, kazi yangu iko mjini kwenye depo ya vipuri vya magari. Kwenye mkataba mimi ni mtunza stoo. Hali halisi: naandika faktira, nahesabu stoki, na mhasibu akisafiri ndiye mimi nashika daftari la fedha. Graduat ya biashara (shahada ya miaka mitatu ya chuo) ninayo, ila hesabu za shuleni zimeanza kunitoka kichwani, na nia yangu ni kukalia kiti cha mhasibu, hapa au pengine.

Nimejipangia hivi: kuamka saa kumi na moja alfajiri, saa nzima ya hesabu, mazoezi kidogo, jioni Kiingereza (wateja kutoka Zambia ni wengi), na kila juma kuweka dola 10 pembeni. Mwanzoni inakwenda vizuri. Halafu umeme unakatika, au maji yanatoka alfajiri tu na lazima nijaze vidumu, au wageni wa dada wanalala sebuleni, na sebule ndiyo chumba changu. Nikikosa siku mbili mfululizo naona yote yameharibika, naacha.

Wenye kazi za kutwa, mnafanyaje? Msiniambie tu nilale mapema.

KijanaWaHimbi (Goma)
Hiyo ratiba ni ya waziri mwenye dereva na mpishi 😂

Yaya_Kolwezi
Mdogo wangu, acha mzaha wa huyo, ingawa amesema kweli. Umejipa mambo manne kwa mpigo. Shika moja: hesabu. Mazoezi unayo tayari, mtu wa stoo anayebeba makatoni kutwa hahitaji kuruka kamba.

Mimi niko kwenye uhasibu wa kampuni ndogo inayohudumia migodi, na sikufika hapa kwa kusoma kitabu alfajiri. Nilikuwa nachukua karatasi moja iliyopita mkononi mwangu siku ile na kuiandika upya kwenye daftari langu kama vile mimi ndiye mhasibu. Mfano: depo imenunua vichujio vya mafuta vya dola 100 kwa mkopo, na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16 %. Kwa namba za akaunti, unaandika 601 (manunuzi) debiti 100, 445 (TVA) debiti 16, 401 (deni kwa wauzaji) krediti 116. Siku mnapolipa taslimu: 401 debiti 116, 571 (sanduku la fedha taslimu) krediti 116. Ni dakika kumi. Usibebe karatasi za kampuni kwenda nazo nyumbani wala usipige picha. Nakili kiasi tu, jina la mteja badilisha.

Tena angalia unatumia mpango upi wa akaunti. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na SYSCOHADA iliyorekebishwa, yaani mfumo wake wa uhasibu, inatumika tangu Januari 2018. Kama madaftari yako ya shule ni ya zamani kuliko hapo, usiyaamini sana. Kwenye mahojiano ya kazi watu wengi wanaangukia hapo.

MwalimuWaKadutu (Bukavu)
Naongeza kuhusu hilo la kukosa siku mbili, maana ndilo linalokuua kuliko umeme.

Watu hupenda kusema tabia inajengeka kwa siku 21. Asili yake ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku kama 21 kuzoea sura mpya. Sura, siyo kazi ya kila siku! Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuata watu 96 kwa majuma 12, na matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa wastani tabia ilichukua siku 66 mpaka ifanyike bila kujisukuma. Kwa wengine 18, na kwa wengine hesabu ilionyesha ingefika 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo ukikosa Jumanne, Jumatano unaendelea pale pale. Usingoje Jumatatu, na hasa usingoje Januari.

Jambo lingine: watu wale hawakuambiwa "soma zaidi". Kila mmoja alichagua kitendo kimoja na kukifunga kwenye kitu kinachotokea kila siku, kama chakula cha asubuhi. Wewe umekifunga kwenye saa ya ukutani. Saa kumi na moja haikujali kama maji yametoka.

Kasapa_Kasapa
Nyote mnamsukuma kijana. Anatoka kazini giza, kwa nini? Sheria ya kazi ya 2002 inasema saa 45 kwa juma, zisizidi 9 kwa siku. Aanze kwa kuhesabu saa zake kabla ya kujilaumu kwamba ni mvivu. Na anafanya kazi ya mhasibu kwa mshahara wa stoo.

Yaya_Kolwezi
@Kasapa uko sawa, ila akidai leo mikono mitupu watamwambia mlango uko wazi. Aandike saa zake kwenye daftari lile lile. Siku ya kuongea, awe na karatasi.

MamaMboga_Kenya
Mimi nauza sokoni Kenya, hesabu zenu za 601 sizijui. Lakini za dola 10 nazijua. Mwanangu, pesa inayongoja mwisho wa juma haifiki. Ingia likelemba, yaani mchezo wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, ya watu unaowaheshimu. Sisi tunatoa kila Jumamosi, na siku sina kitu nakopa kwa jirani nitoe, kwa sababu kuna mama mwenzangu zamu yake imefika na anangoja. Peke yangu ningekula zote.

Na masomo yako fanya hivyo hivyo. Tafuta mtu mmoja wa kumtumia ulichoandika, angoje. Usipotuma akuulize.

MtuWaDepo
Aksanti sana wote, Mama hasa. Nimewaza: kwenye taxi-bus haiwezekani, nasimama nimeinama. Lakini ninafika kabla geti halijafunguliwa, na kila siku nakunywa chai kwa mama aliye kando ya geti huku nikiangalia simu. Hapo ndipo nitaandika karatasi ya jana. Kiingereza nakiweka kando kwanza. Wateja wenyewe wengine wanaongea Kibemba na mimi nakisikia.

Yaya, naweza kukutumia wewe? Ya kwanza hii, ya jana: mafuta ya jenereta, dola 40 taslimu, bila TVA. 601 debiti 40, 571 krediti 40.

Yaya_Kolwezi
Tuma, mdogo wangu, kila siku kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, baadaye niko kazini. 571 ni sawa. 601 hapana: 601 ni bidhaa mnazonunua ili muuze, na hayo mafuta mmeyachoma wenyewe. Weka 605 (manunuzi mengine), na ukitaka kwenda ndani zaidi, 6053 (nishati nyingine). Sasa niambie: mkinunua mafuta ya injini ya kuuza pale dukani, yanakwenda wapi?