Tupeane uzoefu: kioo cha pembeni kinacholegea kwenye gari la zamani

Pijo wa Malindi

Asalaam aleikum wanajamvi, na habari za jioni kwa wote.

Nina Peugeot 504 pikapu niliyoachiwa na baba mdogo. Injini haina neno, rangi imepigwa upya, lakini kioo cha pembeni upande wa dereva kimenitia adabu. Nikitoka Malindi kimekaa sawa, nikifika Gede kinatazama lami. Nakirudisha kwa mkono, kinatii kidogo, kisha lori la chumvi likinipita kwa kasi kinainama tena. Usiku ndiyo balaa zaidi, maana hujui nyuma yako ni bodaboda au ni basi la Mombasa.

Fundi mmoja hapa mjini kanishauri tukichomelee. Nimemwambia asubiri kwanza niulize. Wenye magari ya zamani huku kwetu, nyinyi mlifanyaje? Semeni ni gari gani, kilikuwa kimelegea wapi, na dawa imedumu vipi. Tafadhali msiniambie ninunue kipya. Vipya vinavyoletwa madukani ni vya plastiki na havikai kwenye mlango wa gari hili hata ukivibembeleza.

Fundi Bodi, Maweni

Aleikum salaam kaka. Usichomelee. Bati la mlango ni jembamba, litapinda kwa moto na rangi yako mpya itaungua pande zote mbili. Halafu siku kioo kikigongwa na tuktuk hakitakunjika, kitaondoka na kipande cha mlango.

Kabla hujashika spana, jua kwanza kinacholegea ni nini. Watu wengi wanakaza mahali ambapo hapana shida. Kioo cha zamani kina sehemu nne za kulegea: kioo chenyewe ndani ya kikombe chake, kikombe juu ya kichwa cha mkono (kile cha mviringo kama gololi), mkono ndani ya kitako, na kitako juu ya bati la mlango. Shika mkono kwa nguvu kwa kushoto, tikisa kikombe kwa kulia. Kikicheza, shida iko kwenye gololi. Kisipocheza, weka kidole kimoja penye ukingo wa kitako na kingine kwenye bati, mwambie mtu atikise kioo. Kidole kitakwambia kama kitako kinainuka. Mwisho gusa kioo chenyewe pembeni, usikie kama kinagonga ndani.

Shida ikiwa ni gololi, tazama nyuma ya kikombe au chini yake kama kuna skrubu. Vingi vya chuma vina springi na skrubu ya kukaza. Mara nyingi springi imeliwa na kutu, au kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokumbatia gololi kimelika kikawa kipana. Hapo ukikaza utapata nafuu ya wiki, basi. Fungua, osha gololi kwa petroli, piga msasa laini uondoe kutu, badilisha springi. Plastiki ikiwa imelika, kata kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli ukizungushe ndani yake kabla ya kukaza. Usipake grisi kwenye gololi. Nimeona watu wakipaka halafu wanashangaa kioo kinateleza. Pale tunataka msuguano, si ulaini.

Ukimaliza kupima rudi utwambie ni ipi kati ya hizo nne.

Mwamu wa Mokowe

Mie naishi Amu (Lamu), na kule kisiwani gari la nini, punda wametosha. Land Rover yangu ya Series III nimeiegesha Mokowe, bara, karibu na gati. Ndiyo nashuka nayo Malindi nikiwa na shughuli.

Kwa wenye Land Rover jambo ni tofauti na Pijo. Bodi yake ni aluminiamu, bolti za vioo ni chuma. Hivi viwili vikigusana na kupata maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe umezunguka tundu la bolti. Bolti yenyewe bado imekaza kabisa, ila tundu limepanuka, kwa hiyo kitako kinacheza. Ukiendelea kukaza unazidi kulitafuna bati. Gari langu lilikuwa linakaa miezi ya kusi nzima likipigwa na upepo wa bahari, na tundu moja likawa kubwa hata kichwa cha bolti kinataka kuzama.

Nilichofanya: nilitoa kila kitu, nikakwangua unga wote mpaka bati likang'aa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo za tundu na kuiacha ikauke vizuri. Chini ya kitako nikaweka pedi ya mpira mnene niliyoikata kwa umbo la kitako, na kila bolti nikaivalisha washa ya plastiki ili chuma kisiguse bati. Upande wa ndani nikaweka washa kubwa, zile pana, ili mzigo usambae. Bolti zenyewe nilizipaka grisi kabla ya kuziingiza. Kioo hakijanisumbua tangu hapo, na kwa kuwa kuna mpira, hata mtetemo injini ikiwa inanguruma gari limesimama umepungua. Zamani nilikuwa nikisimama kwenye taa naona magari mawili mawili nyuma.

Na tahadhari moja. Land Rover hizi za zamani nyuzi za bolti zake nyingi ni za Kiingereza, za inchi, si za milimita. Bolti ya robo inchi na ya M6 ukizitazama kwa macho ni mapacha, lakini moja ni milimita 6.35 na nyingine ni 6, na nyuzi hazilingani. Spana ya 11 inaingia kwenye kichwa cha ile ya robo inchi vizuri tu, ndiyo maana fundi anadhani ni ya milimita. Ikikataa kuzunguka kwa vidole, usiilazimishe kwa spana.

Tajiri wa Muyeye

Mimi nilikifunga kwa kamba ya nailoni ya wavuvi. Mwaka wa pili huu.

Bi Shella

@Tajiri, na askari wa barabarani wanakuangalia tu? Haya, hongera.

Mimi nina Volkswagen Beetle, nyeupe, wengi mmeiona pale Shella Malindi (si Shela ya Lamu, msije mkaniulizia huko). Kwangu mkono ulikuwa imara, gololi imara. Kioo chenyewe ndicho kilikuwa kimebanduka ndani ya kikombe kikawa kinatetemeka. Kijana wa gereji alinibandikia kwa silikoni ile inayonuka kama siki. Ikashika vizuri. Baada ya muda nikaona kingo za kioo zinaingia weusi, na weusi ule ukawa unatembea kuja katikati. Ikabidi nikate kioo kingine kwa fundi wa vioo.

Baadaye ndipo nilipoelewa: ile harufu ya siki ni asidi kweli, na inakula ile fedha iliyopakwa nyuma ya kioo. Ziko silikoni zisizonuka siki, zimeandikwa kuwa zinafaa kwa vioo. Tumia hizo. Supaglu pia siipendi kwa kazi hii, ikikauka inakuwa ngumu na tetemeko moja la barabara ya Marafa linaivunja. Weka matone machache ya silikoni, usijaze kikombe kizima, na uache nafasi chini maji ya mvua yatoke. Kisha kifunge kwa utepe wa karatasi usiku kucha, gari lisitembee.

Wenye Beetle wenzangu mkumbuke: zile za kabla ya modeli ya 1968 kioo kimeshikwa kwenye bawaba ya juu ya mlango, za baadaye kimehamia kwenye bati la mlango. Usinunue spea kabla hujajua yako ni ipi. Muuzaji atakwambia zote zinaingia.

Kijana wa Mambrui

Jamani mbona hakuna aliyetaja gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia skrubu isijifungue? Mimi kwenye Datsun ya babu nilitia ile nyekundu kwenye skrubu ya kitako, haijacheza tena.

Fundi Bodi, Maweni

Haijacheza na haitafunguka. Nyekundu inataka moto ndipo iachie, na moto kando ya rangi na mpira ni hasara. Tumia ya buluu, hiyo unaifungua kwa spana ya kawaida. Au weka nati yenye pete ya nailoni ndani, humalizi gundi wala hela. Na gundi yoyote ile nyuzi lazima ziwe kavu na safi. Ukitia juu ya mafuta ni kama hujatia.

Na wale wanaolowesha bolti zenye kutu kwa mafuta ya breki, acheni. Yanakula rangi. Dizeli kidogo, usiku mmoja, inatosha.

Pijo wa Malindi

Wakuu, nimerudi. Nimepima kama alivyosema fundi. Gololi haina shida hata kidogo, kumbe yule bwana wa kuchomelea alitaka kuchomelea mahali pazima. Kinachocheza ni kitako. Nikakitoa, na chini yake bati limepasuka ufa mdogo kutoka tundu moja la skrubu kwenda ukingoni. Skrubu zenyewe ni za bati tu, za kujichimbia, hazina nati nyuma. Inaonekana kioo hiki si cha kiwanda, kuna mtu alikipachika zamani.

Fundi Bodi, Maweni

Basi dawa yako iko ndani ya mlango. Toboa tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee. Toa mkono wa kupandishia dirisha, toa kitasa cha ndani, bandua ubao wa ndani wa mlango taratibu kwa bisibisi pana iliyofungwa kitambaa. Kata bati la milimita mbili, kubwa kidogo kuliko kitako, lipige rangi pande zote, litobolewe sawa na kitako. Hilo linakaa ndani, kitako kinakaa nje, mpira katikati ya kitako na mlango, bolti zinapita zote. Lile bati la ndani ndilo litakalobeba mzigo.

Jambo ambalo watu husahau ni urefu wa bolti. Kabla hujarudisha ubao, teremsha dirisha mpaka chini pole pole ukichungulia kwa tochi. Bolti ikizidi itachora kioo cha dirisha, au itakivunja siku unafunga mlango kwa nguvu. Kata iliyozidi na upake rangi ncha yake.

Pijo wa Malindi

Nimekuelewa. Na upande wa abiria hakuna kioo kabisa, haujawahi kuwa nacho. Nitoboe hapohapo nikiwa nimefungua, au?

Mwamu wa Mokowe

Toboa, lakini usipime kwa kufananisha na mlango wa dereva. Kaa kitini unavyokaa siku zote, mtu akishike kioo nje akisogeze mpaka uone ubavu wa gari kidogo na barabara iliyobaki. Hapo ndipo aweke alama, juu ya utepe wa karatasi ili drili isiteleze kwenye rangi. Na uangalie nguzo ya dirisha isikukinge.

Fundi Bodi, Maweni

Na kingo za tundu zipakwe rangi kabla ya bolti kuingia. Hii si Nairobi, hapa bati wazi halikai wiki bila kutu. Jumamosi asubuhi niko gereji, ukija njoo na ubao umeshabandua, tutamaliza kabla ya adhuhuri.