Mtafsiri wa Midnight in Paris ameua mwisho wa muvi, nimekasirika

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi nilienda kibanda cha muvi hapa mtaani nikawekewa kwenye flashi Midnight in Paris, ile komedi ya 2011 ya Owen Wilson, iliyotafsiriwa. Mimi nilishaiona bila tafsiri, nikaisifia kwa mdogo wangu wiki nzima. Muvi ikaisha, dogo akanigeukia: "Kaka, kwa hiyo jamaa alikuwa anaota?"

Simlaumu dogo. Mtafsiri ndiye aliyesema: "Jamaa kashtuka usingizini, kapata mtoto mkali, maisha yanaendelea."

Usingizi upi? Gil, jamaa anayechezwa na Owen Wilson, usiku wa manane anapitiwa na gari linalompeleka kweli Paris ya zamani. Kama Gil alikuwa anaota, yule mpelelezi aliyekodiwa na baba mkwe amfuatilie usiku alifikaje Versailles enzi za wafalme, anakimbizwa na walinzi? Na ile shajara ya zamani ya Adriana, mwanamke anayekutana naye huko zamani, ambayo Gil anauziwa mchana kweupe akakuta humo ametajwa yeye? Ukisema ndoto, hivyo vyote umevitupa jalalani.

Ila kilichoniuma zaidi ni pale Moulin Rouge, ule ukumbi wa burudani wa Paris. Gil anaililia Paris ya miaka ya 1920, ya waandishi kina Hemingway na Fitzgerald. Anampenda Adriana anayeishi humo humo, kumbe Adriana naye anaiona miaka hiyo haina ladha, anautamani mwisho wa karne ya 19. Wanapanda gari la farasi, wanafika huko, wanakaa meza moja na wachoraji Toulouse-Lautrec, Gauguin na Degas. Na hao nao wanalalamika! Wanasema zama nzuri zilikuwa za Renaissance, mwamko wa sanaa wa Ulaya karne kadhaa kabla yao. Hapo ndipo Gil anafunguka macho. Adriana anaamua kubaki, yeye anarudi. Mwisho wote umebebwa na meza ile moja.

Sasa mtafsiri alikuwa anafanya nini pale mezani? Anasalimia washkaji zake na kutaja namba ya simu! Dakika nzima! Gauguin anafungua mdomo, sisi tunasikia salamu za fundi pikipiki.

Na mvua je? Mwanzoni kabisa Gil anamwambia mchumba wake Inez kwamba Paris inapendeza ikinyesha, Inez anaona kulowa kuna raha gani. Ndoto hawakuwa nayo moja, hata kabla hajagundua kwamba Inez anatembea na Paul, yule mjuaji. Mwishoni Gil yuko peke yake darajani, usiku wa manane, gari la kumrudisha zamani haliji. Anapita Gabrielle, yule dada muuza vitu vya kale aliyemuuzia sahani ya santuri ya Cole Porter, mtunzi wa nyimbo wa zamani. Mvua inaanza, Gabrielle anasema hajali kulowa. Wanatembea. Dada huyo anapenda nyimbo za zamani kama yeye, lakini yupo leo, anashikika. Kumwita "mtoto mkali" tu ni kumkosea mwandishi aliyepewa Oscar kwa skripti hiyo hiyo.

Tafsiri kwa uchangamfu, sawa, wengi tumekulia humo. Lakini usiwatungie watu mwisho usiokuwepo, na maneno ya wahusika yakifika, nyamaza kwanza uyasikilize.

Mwenye nakala yenye maandishi ya Kiswahili chini anielekeze. Dogo nimemwambia tutaanzia pale wanapopanda gari la farasi.