Mjadala: Kuzidisha damu ya adui ni ugumu, au ni uvivu wa watengeneza gemu?

Mleta mada

Wakuu, kwema? Kila anayeuliza aanzeje gemu ya Skyrim anajibiwa vilevile: "Weka Legendary (kiwango cha juu kabisa cha ugumu), la sivyo hujacheza." Naomba tulijadili hili, maana naona tunachanganya gemu kuwa ngumu na pigano kuwa refu.

Skyrim ilitoka 2011, Legendary ikaongezwa 2013. Kinachobadilika kwenye pigano ni hesabu. Kiwango cha kati, Adept, silaha yako inapiga kama ilivyoandikwa. Ukipanda Master unapiga nusu na unapigwa mara mbili. Legendary unapiga robo, unapigwa mara tatu. Basi, imeisha hiyo. Jambazi aliyekuwa anatoka pangoni mbio huku anatukana bado anatoka mbio huku anatukana. Hajifichi, haiti wenzake, hajali kwamba umevaa chuma mwili mzima.

Tupige hesabu ya haraka, tukiacha deraya pembeni. Rungu lako lina pointi 20, adui ana damu (kipimo cha uhai wake) 400. Adept unamwangusha kwa mapigo 20. Legendary ni mapigo 80. Hayo 60 yaliyoongezeka yamekutaka ufikirie nini kipya? Hakuna. Unabonyeza tu mpaka kidole kinauma.

Halafu angalieni watu wanavyocheza wakifika huko. Gemu inayokuambia uwe yeyote umtakaye inakuachia watu wawili tu: mpiga mishale anayenyata gizani, au fundi anayeshinda mjini akitengeneza dawa za kuongeza nguvu ya vifaa, kisha vifaa vya kuongeza nguvu ya dawa, anazunguka hivyo hadi silaha yake inavunja hesabu yote. Aliyetaka kusimama uso kwa uso na rungu na ngao ndiye anayelipa faini.

Msimamo wangu: ugumu wa namba tupu hauongezi kitu kwenye pigano, unapunguza njia za kupigana. Ukitaka kunikaba, badilisha kanuni au mpe adui akili. Naomba kuwasilisha.

Mchinja Griffin

Mkuu, umechagua mfano dhaifu makusudi ili ushinde. Njoo gemu ya Witcher 3 ya 2015. Death March, kiwango chake cha juu kabisa, nayo imejaa namba, adui ana damu nyingi na anapiga kwa nguvu. Lakini kwa sababu mbwamwitu watatu tu wanaweza kukuzika ukiwa mgeni, ndipo unapofungua kitabu cha viumbe na kusoma huyu anaogopa mafuta gani ya upanga, ishara gani ya uchawi, bomu gani. Ukiwa Just the Story, kiwango cha chini kabisa, unaweza kumaliza gemu nzima hujui kama hayo mafuta yapo. Kwa hiyo namba unazozidharau ndizo zinazomlazimisha mtu ajifunze kanuni. Bila maumivu nani atasoma?

Mleta mada

Hapo umenena, ila umeruka kipande. Kwenye Witcher 3, ngazi mbili za chini ukikaa kutafakari unaamka mzima. Ngazi mbili za juu, kutafakari hakurudishi damu. Hiyo si namba, ni kanuni, na ndiyo inayobeba Death March. Jeraha ulilopata kwa wale mbwamwitu unaingia nalo kwa bosi. Mkate ulioupuuza mezani kwa mtu unaanza kuuokota ili urudishe damu. Ondoa kanuni hiyo, baki na damu nyingi ya adui peke yake, uone wangapi wangehangaika na dawa.

Na namba zikiachwa peke yake zinaweza hata kugeuka. Persona 5 Royal, kiwango cha juu kabisa Merciless, kipigo kwenye udhaifu kinazidishwa mara tatu, kwako na kwa adui pia. Anayejua udhaifu wa kila adui anawafagia haraka kuliko akiwa Hard. Kiwango kigumu kuliko vyote, na wazoefu wanakiita mteremko!

Kijana wa Souls

Mnajichosha. Elden Ring ilitoka 2022 bila menyu ya ugumu, ikauza nakala zaidi ya milioni 20 ndani ya mwaka mmoja. Mtengenezaji anaamua, wewe unazoea. Mjadala ufungwe.

Mpenda Zamu

@Kijana wa Souls taratibu kaka. Elden Ring ina ugumu wa kuchagua, ila hauko kwenye menyu. Bosi Margit akikuzuia pale njiani kuelekea ngome ya Stormveil, hakuna anayekulazimisha umalizane naye leo. Unashuka kusini Weeping Peninsula, unakua, unaimarisha silaha, unarudi. Ukiona bado, unaita roho ikusaidie, au unaita mchezaji mwenzako. Anayemaliza peke yake na anayemaliza na Mimic Tear, roho inayoiga mwili wako, hawakupigana pigano moja, tofauti ni kwamba hakuna aliyebandikwa jina la "rahisi". Mimi huo naupenda kuliko menyu yoyote.

Tukirudi kwa mleta mada, mfano wako ulipaswa kuwa Baldur's Gate 3, gemu ya kupigana kwa zamu. Kiwango chake kigumu, Tactician, kinawaongezea adui damu kwa asilimia 30, sawa, namba hizo. Lakini Honour Mode iliyoletwa mwishoni mwa 2023 inakupa sevu moja tu, na mabosi wanapewa vitendo nje ya zamu yao. Umepanga vizuri nani aanze, nani amalizie, ghafla bosi anajibu katikati ya mpango wako. Na ule ujanja wa Haste, uchawi unaokupa kitendo cha ziada, tuliouzoea umekatwa, kitendo cha ziada hakikupi tena mashambulizi mawili. Hapo unaanza upya kufikiri.

Mama wa Saa Nne Usiku

Jamani, nyote mnaongea kama watu wasio na kesho. Mimi nawasha kompyuta mtoto akishalala. Umeme ukikatika katikati ya bosi, usiku wangu umeisha hapo. Sioni aibu kuweka Explorer, kiwango rahisi cha hiyo Baldur's Gate 3. Nilinunua gemu kwa ajili ya hadithi na wahusika, na hela yangu haina tofauti na yenu. Ila nakubaliana na mleta mada kwa jambo ambalo hakulisema: hata urahisi wa namba tupu unaboa. Adui akifa kabla hajafanya kitu, sijui kwa nini nimechukua mchawi badala ya mtu wa shoka.

Mleta mada

Dada, umeniongezea upande niliousahau. Na ndiyo maana naona jibu liko kwenye Custom ya hiyohiyo Baldur's Gate 3, ambako unajipangia ugumu mwenyewe. Unaweza kuwaacha adui na ukali wa juu, wakachagua vizuri nani wa kumshambulia, huku damu yao ikiwa ya kawaida. Ukitaka, mapumziko mafupi yanakuponya kabisa. Muda wako unaokolewa na pigano linabaki na akili. Kwa nini gemu nyingine bado zinatupa kitasa kimoja kinachozungusha kila kitu?

Mchinja Griffin

Kwa sababu anayeanza hajui hata mapumziko mafupi ni nini. Ukimpa swichi kumi na zaidi kabla hajaona panya wa kwanza, anafunga gemu. Halafu jina moja lina faida. Ukiniambia umemaliza Death March, najua ulipitia nini. Ukiniambia umemaliza "Custom", hujaniambia kitu.

Mleta mada

Basi wampe anayeanza jina, na swichi zifunguliwe baadaye. Final Fantasy VII Remake ilifanya karibu hivyo 2020: Hard haipatikani mpaka umalize gemu mara moja. Ukiingia huko, huruhusiwi kutumia dawa wala kitu chochote cha mkobani, na ukikaa kwenye benchi damu inarudi lakini MP, nguvu ya kufanyia uchawi, hairudi. Uchawi mmoja wa tiba ulioutumia kizembe kwa wale askari wa mwanzo utaukosa kwa bosi wa mwisho wa sura hiyo.

Mama wa Saa Nne Usiku

Nimeweka Custom jana. Adui wakali, damu ya kawaida, mapumziko yanaponya. Nimekufa, ila safari hii najua kwa nini: nilimsimamisha mganga wangu ukingoni mwa genge, wakampita mtu wa ngao kama hawamwoni, wakaenda kumsukuma yeye.