Vitamini D imetoka 38, mgonjwa wa sukari nyayo zinawaka moto: nianzie wapi?

Tabibu_Chamwino
Wakuu, habari za kazi. Nina mama wa miaka 57 hapa zahanati, ana sukari mwaka wa tisa. Anatumia metformini gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni tangu mwanzo. Miezi minne sasa nyayo zinawaka moto usiku, vidole vina ganzi, anasema akikanyaga sakafu ni kama anakanyaga pamba. Sukari kabla ya kula asubuhi inacheza kati ya 9 na 12. Amepimwa vitamini D mjini, karatasi imeandikwa 38 na mshale wa kushuka, akauziwa kapsuli za yuniti 60,000, moja kila siku. Ameshameza 6. Anashinda dukani na huvaa baibui, jua halimpati sana. Je, upungufu huu ndio unaoharibu mishipa ya fahamu? Na kapsuli aendelee nazo?

Mfamasia_Kongwa
Azisimamishe leo, mkuu. Kapsuli ya 60,000 ni ya mara moja kwa wiki, tena kwa wiki 8 hivi, halafu mtu anashushwa kwenye dozi ndogo ya kila siku. Kwa siku 6 amemeza 360,000. Vitamini D inahifadhiwa kwenye mafuta ya mwili na hukaa wiki kadhaa, haitoki na mkojo kama vitamini C. Ikizidi hupandisha kalisiamu kwenye damu: kiu, kukojoa sana, choo kigumu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Dalili mbili za mwanzo ni zilezile za sukari kupanda, kwa hiyo ni rahisi mtu akaongezewa dawa ya sukari wakati tatizo ni kalisiamu. Apimwe kalisiamu na kreatinini (kipimo cha figo) kabla ya kumeza nyingine.

Pili, 38 ya nini? Angalia kipimio pembeni ya namba. Ng/ml moja ni nmol/L 2.5. Kama ni 38 ng/ml, hana upungufu wowote. Kama ni 38 nmol/L, hiyo ni kama 15 ng/ml, iko chini ya 20 ambayo wengi wanaihesabu kuwa inatosha.

Tabibu_Chamwino
Ni nmol/L, nimeangalia sasa hivi. Halafu kumbe ana vidonge vya neva pia, vile vya vitamini B1, B6 na B12, anameza vitatu kwa siku.

Daktari_Sukari
Basi upungufu upo, ila si mkubwa. Kuhusu swali lako la msingi: tafiti nyingi zimekuta wenye sukari walioharibika mishipa ya fahamu wana vitamini D ya chini kuliko wenzao. Hiyo haitoshi kusema ndiyo chanzo. Mtu ambaye miguu inamuuma hatoki nje, asiyetoka nje hapati jua, na vitamini D inashuka. Majaribio ya kuwapa watu vitamini D yametoa majibu yanayopishana: mengine maumivu yalipungua, mengine hakuna tofauti. Mpe kwa sababu imepungua, yuniti 1,000 hadi 2,000 kwa siku kama kalisiamu iko sawa, pamoja na mlo wenye mafuta ili ifyonzwe. Usimwahidi kwamba ganzi itaondoka.

Mimi ningemshuku B12 kwanza. Miaka tisa ya metformini gramu 2 kwa siku ni muda wa kutosha kuishusha, na dalili zake miguuni huwezi kuzitenganisha kwa macho na zile za sukari. Usitulizwe na damu kuwa nzuri, mishipa inaweza kuathirika kabla ya upungufu wa damu kuonekana. Wala usimpe foliki asidi (vitamini ya kuongeza damu) peke yake: itarekebisha damu, huku mishipa ikiendelea kuharibika.

Hivyo vidonge vya neva soma boksi. Baadhi vina B6 miligramu 100 hadi 200 kwa kidonge kimoja. Vitatu kwa siku kwa miezi mingi, B6 yenyewe inaleta ganzi na kuwaka moto. Aviache. Vilevile vinaweza kupandisha kipimo cha B12 kikaonekana kizuri, kwa hiyo mwandikie anayepima kwamba alikuwa anavimeza. Ikithibitika kuwa B12 imepungua, apewe B12 peke yake: sindano ya mikrogramu 1,000 kwa ratiba ya daktari.

Muulize pia visababishi vingine vya ganzi: pombe, dawa za kifua kikuu na ARV. Na hiyo sukari ya 9 hadi 12 inakula mishipa kila siku. Apime HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi), dawa zipangwe upya. Kwa maumivu ya usiku, amitriptilini miligramu 10 kabla ya kulala, kama hana shida ya moyo wala presha ya macho.

Muuguzi_Miguu
Hapo zahanati unaweza kupima hisia bila kifaa. Afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, sekunde 1 hadi 2, ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili. Usibonyeze, usigongegonge, usirudie. Kati ya sehemu 6 za miguu yote miwili, asipohisi 2 au zaidi, miguu yake iko hatarini.

Jua alipate mikononi na usoni, uani kwake, saa nne hadi saa tisa, wakati kivuli chake ni kifupi kuliko yeye. La nyuma ya kioo cha dirisha halifai. Lakini asitoke peku! Mchanga wa huku saa saba unababua, na mwenye ganzi anaona malengelenge jioni. Ndala nazo hazitoshi, mwiba wa mgunga unapenya soli. Viatu vilivyofunga, avikung'ute kabla ya kuvaa. Maji ya moto ya kukanda asiyatumie kabisa, na ya kuogea ayapime kwa kiwiko. Kati ya vidole apakaushe, asipake mafuta hapo. Kila jioni atazame nyayo kwa kioo. Ukiona kidonda chenye wekundu unaopanda au harufu, mpe rufaa siku hiyohiyo, hata kama anasema hakiumi.