Shilingi 50 haionekani: Kanada walipoondoa senti moja, chenji walifanyaje?

MamaDuka_Busia:
Wadau, naomba mawazo yenu. Nina duka la rejareja hapa Busia, upande wa Uganda. Kilo ya sukari nauza 3,900, kwa hiyo nusu ni 1,950. Mteja ananipa 2,000, nami sina sarafu ya 50 ya kumrudishia. Ni pesa halali, ile yenye picha ya swala, lakini kwenye droo yangu haiingii, na hata mtu wa jumla ukimpelekea anakunja uso. Basi natoa pipi. Watu wazima wananyamaza. Jana mtoto aliyetumwa na bibi yake aliishika ile pipi, akaniuliza, "Bibi akitaka chenji nimwambieje?" Nimekosa raha tangu hapo. Nasikia Kanada waliondoa senti moja kabisa. Wao wanafanyaje?

Tororo_Boy:
Mama, habari za duka. Nilisoma Winnipeg, mji ambako senti ya mwisho ilipigwa Mei 2012. Kutengeneza moja kuligharimu senti 1.6, hasara tupu. Februari 2013 wakaacha kuzisambaza. Ukilipa taslimu, jumla ndiyo inayosogezwa, si bei ya kila kitu: dola 1.02 inakuwa 1.00, 1.03 inakuwa 1.05. Kwa kadi unalipa kamili. Na senti za zamani hazikufutwa thamani.

Mhasibu_Arua:
Tusiige hivihivi. Kule kodi inaongezwa kwenye kaunta na mtu ana kikapu kizima, muuzaji hajui jumla itaishia wapi. Kwetu mtu anakuja kuchukua kitu kimoja, bei anaijua kabla hajavuka barabara. Halafu tazameni hesabu yenyewe. Senti 2 iko karibu na 0, senti 3 iko karibu na 5, mara anapata mnunuzi, mara muuzaji. Hamsini iko katikati ya mia, haielekei popote. Lazima mmoja apoteze, na pasipo utaratibu atapoteza huyo mtoto kila siku.

Boda_Malaba:
Mama, weka 2,000 yaishe. Anayeona ghali achukue kilo nzima.

MamaDuka_Busia:
Hapana, mwanangu. Anayechukua nusu ndiye asiye na pesa ya kilo. Nimuuzie sukari ileile kwa hesabu ya 4,000 wakati mwenye uwezo analipa 3,900? Mhasibu, asante sana, umenifungua macho. Kuanzia kesho nusu ni 1,900. Nimepiga hesabu: mfuko wa kilo 50 ukiisha wote kwa nusunusu, naacha 5,000. Inauma, faida ya sukari yenyewe ni ndogo. Nitambembeleza mtu wa jumla anipunguzie. Akikataa, kilo itapanda iwe 4,000 na nusu 2,000, wote walipe sawa. Pipi zinarudi kwenye chupa, anayezitaka atazinunua. Wenye maduka Malaba na Tororo, nusu mnauza ngapi?