Fundi kafuta folda ya snepushoti "kupunguza uzito", duka langu limerudi Februari

Wakuu salama, wana Kigoma wenzangu mwakeye. Mi sio mtu wa kufungua nyuzi za kulialia humu ila leo nimejaa mpaka hapa kooni, nisipoandika nitaenda kumpiga mtu ngumi nikalale selo bure.

Nina duka la nyavu, kamba, taa za uvuvi na spea za injini za mitumbwi hapa Mwanga. Wateja wangu wakubwa wako Kibirizi na Ujiji, wengine wanavuka kutoka Kalemie huko Kongo. Mnaojua biashara ya ziwa mnajua hakuna anayelipa keshi yote, mvuvi anachukua nyavu leo, anaingia ziwani kipindi cha giza, mbalamwezi ikitoka dagaa hawavuliki boti zinapaki, ndo hapo anakuja kupunguza deni. Kwahiyo duka langu mimi sio zile nyavu zinazoning'inia ukutani, duka langu ni DENI, na madeni yote yako kwenye programu moja ya zamani ambayo inakubali Windows 7 tu, aliyeitengeneza alishaacha hizo kazi kitambo.

Sasa Windows 7 ilishatelekezwa tangu Januari 2020, haipati masasisho, na hapa kila mtu anakuja na flashi yake "bosi niprintie hii", virusi vilikua vinanitesa hatari. Fundi mmoja wa hapa mjini (jina simtaji, anajijua na najua humu anapita) akanambia mzee tuweke Ubuntu (mfumo mwingine wa bure badala ya Windows) halafu Windows 7 yako iishi ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, bila intaneti, utakua na kompyuta mbili kwenye laptop moja. Wazo zuri, mpaka leo nasema wazo lilikua zuri. Nikatoa laki na ishirini.

Dalili niliziona siku ileile nikajifanya kipofu. Asubuhi nzima anahangaika eti kwenye orodha anaona Windows za biti 32 tu, za biti 64 hazipo, anailaumu laptop yangu ya kichina (sio ya kichina), kumbe virtualization (uwezo wa prosesa kubeba hiyo kompyuta ya ndani) ilikua imezimwa kwenye bios, ile mipangilio ya laptop kabla haijawaka, na hakujua mpaka alipoangalia video ya mhindi youtube kwa bando LANGU. Haya tukasonga. Tarehe 9 Februari akamaliza kuhamisha data zote, akabonyeza snepushoti (alama ya hali ya mashine ilivyo siku hiyo, ili uweze kurudi hapo) akanambia kwa kujiamini "hii ndo bakapu yako bosi, hata likitokea la kutokea tunarudi hapa". Shikeni hayo maneno.

Miezi minne kitu kinapiga kazi fresh. Juni hii mwishoni nimekaa kaunta, Windows ya ndani ikaganda ikatokea ujumbe kwamba diski imejaa, mashine imesimamishwa. Imesimamishwa wakuu, pozi, haijafa. Nikampigia fundi, akaja, akaangalia diski ya GB 120 imejaa, akapekua akakuta folda imeandikwa Snapshots ina faili moja la GB 41. Akasema eeh bosi hii ndo inakula nafasi, haya ni makopi ya zamani haya. Akazima mashine, akafuta. Sio kutupa kapuni, kafuta moja kwa moja kwa ile skrini nyeusi na mbwembwe za kibodi juu.

Kwa wasiojua ngoja nieleze maana hata mimi nimejua kwa machungu, nimekesha siku tatu nasoma. Ukipiga snepushoti kwenye VirtualBox, haikopi kitu pembeni. Inachofanya, faili lako la diski la mwanzo linafungwa, haliandikwi tena, na linafunguliwa faili jipya ambalo kila kitu unachofanya kuanzia siku hiyo kinaandikwa humo. Ni kama daftari la duka limejaa ukalifunga kamba ukanunua la pili, ukitaka kujua deni la mtu unasoma yote mawili. Lile la GB 41 aliloliita kopi la zamani ndo lilikua daftari la pili! Ndo Februari mpaka Juni yenyewe! La zamani ndo kaliacha!

Mashine ikagoma kuwaka, inalalamika faili haipo. Hapo mtu mwenye akili angezima laptop aseme mzee nimeharibu. Yeye akatengeneza mashine mpya, na ili "asiharibu orijino" akakopi lile faili la mwanzo, GB 40 na ushee, kwenye diski ileile, yaani kaandika juu ya nafasi ileile aliyotoka kufuta. Ikawaka. Akageuka kwangu anatabasamu, "si unaona bosi data zipo".

Nikafungua programu. Saa chini pale inasoma tarehe ya leo kabisa. Mauzo ya mwisho: Februari 9.

Nikamwambia dogo hii ni Februari. Akasema labda haijarifreshi. HAIJARIFRESHI!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapakua na tatizo. VirtualBox yenyewe ilisimamisha mashine kwa ustaarabu, ilikua inasubiri nafasi tu, nilikua na muvi za watoto GB 15 huko nje kwenye Ubuntu, ungefuta zile ukabonyeza endelea tungemaliza kwa dakika tano. Na kama snepushoti ilikua inamkera, si kuna sehemu ya kuifuta ndani ya VirtualBox yenyewe, inaunganisha madaftari mawili kuwa moja bila kupoteza kitu, japo nayo inataka nafasi ya kufanyia hiyo kazi. Wala VirtualBox siilaumu, tangu Wajerumani wa kampuni ya Innotek waitoe 2007, ikaenda kampuni ya Sun mwaka uliofuata, ikaja kampuni ya Oracle 2010, miaka yote hiyo mwongozo wake upo bure mtandaoni. Mtu unachukua laki na ishirini ya watu hujafungua hata ukurasa mmoja?

Na hiyo "bakapu", bakapu gani inakaa diski moja na kitu inachokilinda? Hapo kosa na langu lipo, ningenunua hard disk ya nje nikawa nakopi folda nzima kila Jumapili mashine ikiwa imezimwa. Sawa. Ila nilimlipa mtu ili ayajue hayo kwa niaba yangu.

Jana nimeshinda Kibirizi naulizia madeni yangu kwa mdomo kama omba omba. Mzee mmoja katoa mwenyewe 180,000, kasema mwanangu hizi zako za Aprili. Kwenye kompyuta hadaiwi hata mia. Wengine wanne wamenambia walishalipa zamani, mmoja anacheka kabisa. Wa Kalemie hata sijui naanzia wapi.

Laptop nimeizima tangu juzi, iko kabatini, hakuna anayegusa. Kama kuna mtu hapa Kigoma au hata Tabora, nauli natoa, ameshawahi kweli kufufua faili lililofutwa kwenye ext4 (mpangilio wa mafaili wa Ubuntu) juu ya diski ya SSD, aje pm aniambie ukweli hata kama ni mbaya. Nimesoma kwamba SSD na ile trimu ya Ubuntu (inayosafisha nafasi za mafaili yaliyofutwa) ndo inamalizia kabisa, najua. Wale wa "mkuu ungetumia Excel" piteni kushoto.

Fundi kapiga simu saa hizi kasema kesho saa nne anakuja "kuangalia tena". Nimemwambia aje na laki na ishirini yangu, begi la vifaa aliache kwao.