Minyoo bapa myekundu kwenye tangi la matumbawe

Swali: Wakuu, tangi langu ni lita 200. Minyoo bapa myekundu imefunika mchanga na mawe. Nitie dawa leo?

Jibu: Subiri kwanza, mkuu. Minyoo hii ikifa hutoa sumu iliyo mwilini mwake. Ikifa mingi kwa pamoja, sumu hiyo ndiyo inayoua samaki. Inyonye kwa mpira mwembamba wa milimita 6, maji yapite kwenye soksi ya chujio kabla ya kurudi. Rudia kila baada ya siku chache hadi ibaki michache. Hapo ndipo utumie dawa ya Flatworm eXit kwa kipimo cha kwenye chupa, ukihesabu maji halisi bila mawe na mchanga. Andaa mapema lita 50 za maji ya chumvi, joto na chumvi viwe sawa na vya tangi.

Jibu: Kaboni (mkaa wa kuchujia maji) itoe kabla ya dawa, maana inaifyonza. Ukishatia dawa, minyoo inayoelea endelea kuinyonya, kisha weka kaboni mpya na ubadilishe zile lita 50. Samaki wakihema haraka, fanya hivyo papo hapo!

Jibu: Konokono wa bahari Chelidonura varians huila minyoo hii, ila hali kitu kingine chochote. Minyoo ikiisha, atakufa njaa.